Hamira Kwenye Firigisi

Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Siku ya kuku, sisi watoto tuliachiwa tugombee mbawa na shingo, lakini firigisi iliwekwa juu ya wali wake peke yake, na aliyethubutu kuidokoa alijua kitakachomkuta. Kazi yangu mimi ilikuwa kuisafisha. Naipasua ubavuni, nakung'uta kokoto na mchanga na mabaki ya pumba, kisha napenyeza ukucha chini ya ile ngozi ngumu ya njano iliyojikunja ndani. Ukiipatia, inavuka yote kwa mara moja kama soksi. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo, mama akinisifu mbele ya wageni.

Miaka arobaini baadaye nilisimama jikoni kwangu Tabata, miwani puani, nikimwangalia daktari wa mifugo akijaribu kuvua ngozi hiyohiyo kwenye firigisi isiyozidi haragwe moja. Ilikuwa ya Limau, ndege wangu wa manjano. Ngozi haikuvuka. Kila alipoigusa kwa ncha ya kibanio ilimeguka, laini kama karatasi iliyolowa, na chini yake kulikuwa na ute mweupe mzito, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua.

"Mama, umeona?" akasema. "Hapa ndipo njaa ilipomuulia."

Limau alikuwa amekula mpaka asubuhi ya siku aliyokufa.

Nafuga baji. Ndilo jina la sokoni la wale kasuku wadogo wa Australia wenye mistari mgongoni, ambao John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wakaenea kwenye matundu ya dunia nzima. Wengi hapa Dar huwachanganya na lavubedi, kasuku wadogo wa aina nyingine. Mtu akiniambia "lavubedi wako wazuri" sibishani naye tena, ingawa inaniuma kidogo, kwa sababu lavubedi wenyewe ni wa kwetu: kuna aina ambayo asili yake ni nyanda za kusini ya Ziwa Victoria kuelekea Serengeti, na nyingine yenye kola ya manjano inayoishi nyanda za ndani za Tanzania. Hao ni ndege wa porini, wana sheria zao na vibali vyao. Wangu ni baji, waliozaliwa tunduni, wazazi wao tunduni, na babu zao tunduni.

Nilikuwa nao wanane barazani, kwenye tundu kubwa alilonitengenezea fundi wa madirisha. Wa tisa aliingia kwa huruma. Nilipita kwa kijana anayeniuzia ndege nikamkuta baji mweupe kwenye kona ya tenga, kajikunyata, manyoya kayatutumua kama mtu aliyejifunika shuka mchana wa jua kali. Kijana akaniambia, "Huyo chukua tu, bi mkubwa, nitakupunguzia." Nikamchukua. Nikampa jina Nazi. Jioni ileile nikamfungulia mlango wa tundu, akaingia kwa wenzake.

Hapo palinitosha kosa moja, nami nilifanya mawili. La pili ni kwamba nilifurahi kumwona anakula.

Maana Nazi alikula! Alfajiri namkuta kichwa kiko kwenye kikombe cha ulezi, adhuhuri kiko humohumo, magharibi wenzake wamepanda vijiti vya juu kulala yeye bado anabangua punje. Nikasema kijana wa watu alikuwa ananyimwa chakula sokoni, sasa anajilipa. Manyoya ya kichwani yalikuwa yamegandana, yana kitu kama gundi iliyokauka. Nikadhani anaoga kwenye bakuli la maji. Sikujua kwamba alikuwa anacheua, anatikisa kichwa, na ute unamrukia mwenyewe usoni. Baji mzima naye hucheua, lakini huwa anamlisha mwenziwe mdomoni kwa mahaba, kwa utaratibu, na hachafuki. Anayecheua hovyo huku akitingisha kichwa kama anayekataa dawa, huyo ana jambo.

Baada ya wiki tatu Nazi alikufa. Nikamzika chini ya mpapai, sikumuuliza mtu. Ndege mgonjwa wa sokoni kafa, basi.

Kisha Limau akaanza kukaa kwenye kikombe.

Jirani yangu aliyapa jina haraka: husda. Watu wanapita barazani, wanatazama ndege, hawasemi mashallah. Duka la dawa za mifugo nalo likayapa jina haraka zaidi. Nilieleza dalili zote mpaka nikamaliza, kijana wa kaunta akanipa pakiti ya unga wa njano wa kuku, ile ya kuchanganya kwenye maji, akasema ni mafua, watapona kwa siku tano. Simlaumu sana. Kuku ana magonjwa yenye majina ambayo kila mtu anayajua: mdondo, gumboro, ndui, kuhara damu. Ndege wa tunduni kwa Kiswahili hana ugonjwa, ana mafua tu. Na ule unga ni antibiotiki, unashughulika na bakteria. Nikawanywesha siku tano, nikaongeza tano nyingine kwa ushauri wangu mwenyewe. Hakuna aliyepona. Maji yalikuwa ya njano, mavi yalikuwa ya njano, na Limau aliendelea kula.

Shemeji yangu ni sonara. Alikuja Ijumaa moja baada ya swala, akamtazama Limau, akasema neno ambalo mimi niliyekaa na yule ndege kila siku nilishindwa kulisema: "Huyu amebaki manyoya." Nikambishia. Anakula, shemeji, anakula kuliko wote. Akaniomba nimshike. Kisha akanichukua kidole changu mwenyewe akakipitisha kifuani mwa ndege, juu ya mfupa wa kidari. Kwa ndege mzima, kidole kinateleza, nyama imejaa huku na huku. Kwa Limau kidole kilipanda mfupa mkali kama makali ya kisu cha mezani, kikashuka shimoni upande wa pili. Manyoya yalikuwa yamefunika yote. Alionekana mnene kwa sababu alikuwa anahisi baridi.

Tukaenda dukani kwake, tukamtia Limau kwenye mfuko wa khaki, tukamweka juu ya mizani ya dhahabu. Gramu 24.2 baada ya kuondoa mfuko. Baji aliyekomaa huwa kati ya 30 na 40. Shemeji akasema angekuwa dhahabu ningekuwa nimeshafungua duka. Nilicheka, kisha nikalia palepale kwenye kiti cha wateja, mama mtu mzima, kwa ajili ya ndege.

Dokta nilielekezwa na mama mmoja wa Kibaha anayefuga kuku wa mayai. Ni binti aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, siku zake nyingi zinaishia kwenye mabanda ya kuku wa nyama, lakini ana darubini yake mwenyewe nyumbani na ana kiu ya kujua. Aliponiamkia shikamoo mlangoni nilimwona mdogo mno. Nikamwonyesha Limau, nikamweleza kuhusu Nazi, nikamweleza kuhusu unga wa njano. Aliposikia siku kumi za unga alifumba macho kidogo. Hakusema kitu, na mimi nikashukuru.

Kwanza aliangalia karatasi iliyo chini ya tundu. Sikuwahi kuiangalia isipokuwa kuitupa. Akanionyesha: ndani ya mavi ya Limau kulikuwa na punje nzima za ulezi, zimetoka kama zilivyoingia, bila hata kupasuka. Mengine yalikuwa meusi kama lami, ambayo alisema ni damu iliyopita tumboni. Akachukua kidogo kwa njiti, akakipaka kwenye kioo na tone la maji ya chumvi, akaenda nacho. Jioni akanipigia: "Mama, sijaona kitu. Lakini usiamini hiyo." Akaniambia vijidudu anavyovishuku havitoki kila siku, ndege anaweza kuwa amejaa tumboni na sampuli ya leo ikawa safi, ya kesho ikawa imefurika. Tupime tena, na tena.

Hatukuwahi. Siku ya pili Limau alianguka kutoka kwenye kijiti. Ndipo Dokta akaja na vibanio vyake, nami nikatandika mfuko wa nailoni kwenye meza ya jikoni.

Ndege ana matumbo mawili. Punje inapita kwanza kwenye gole, ule mfuko wa shingoni, halafu inashuka kwenye tumbo la kwanza lenye tezi, linaloimwagia asidi na vimeng'enyo, ndipo inaingia kwenye firigisi kusagwa. Baina ya tumbo la tezi na firigisi kuna kishingo chembamba, njia ya kupita tu, wala sisi wapishi hatukitazami. Hapo ndipo kijidudu hiki kinapoweka maskani. Kinajipanga kwenye tezi za hapo, kinapenya chini ya ngozi ya njano, kinaibandua kutoka kwenye nyama iliyoitengeneza. Asidi inapungua, msagaji anakosa jiwe lake. Chakula kinapita hivihivi. Ndege anahisi njaa kwa sababu ana njaa ya kweli, anarudi kwenye kikombe, anakula, kinapita. Mwingine anachubuka ndani mpaka anatoka damu nyingi kwa mara moja, anakutwa amekufa asubuhi akiwa bado ana nyama kifuani. Mwingine anakibeba kijidudu maisha yake yote, haonyeshi lolote, anawalisha vifaranga wake kwa kucheua na kuwaachia urithi.

Dokta alikwangua ule ute, akaupaka kwenye kioo, akaweka darubini karibu na dirisha. Alipomaliza kuangalia akasogea.

"Tazama mwenyewe, mama."

Nilitegemea kuona vidoti, vinavyotembea, kama vile vya kwenye televisheni. Niliona njiti za kiberiti. Pakiti nzima imemwagika, zimelaliana, nyingine zimepangana sambamba kama mtu aliyezichana kwa kitana. Ndefu, zimenyooka, ncha za mviringo, hazitikisiki. Dokta akaniambia kwamba kimoja kinafika mikromita 20 hadi 80 kwa urefu, mikromita ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita, na urefu wa zile kubwa kabisa unakaribia unene wa unywele. Bakteria wa kawaida akilala kando yake ni kama sisimizi kando ya gogo.

Kwa ukubwa huo huo ndivyo kilivyowapotosha wataalamu. Kilipoanza kuelezwa kwenye baji na mikanari, miaka ya 1980, watu waliona kijiti, wakakitia rangi ya maabara ambayo bakteria wengi huikubali, nacho kikaikubali. Basi, wakasema, ni bakteria, ila ni jitu. Kikaitwa megabakteria. Jina hilo liliishi miaka ishirini hivi, na kwa miaka hiyo yote kulikuwa na watu waliotumia antibiotiki kwa sababu jina liliwaambia watumie antibiotiki, wakashangaa kwa nini ndege hawaponi. Kwa hiyo mimi na kijana wa dukani hatukuwa wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Afrika Kusini vifaranga vya mbuni vilikufa kwa wingi kwa kijidudu hicho tumboni, na taarifa za wakati huo bado zinakiita megabakteria. Mwaka 2003 ndipo watafiti walipokionyesha kuwa kina kiini ndani ya seli, kitu ambacho bakteria hana, na kwamba vinasaba vyake ni vya fangasi. Kikapewa jina jipya, *Macrorhabdus ornithogaster*. Ukilifungua kutoka Kigiriki ni fimbo ndefu ya tumbo la ndege. Kwa mara moja jina la kisayansi likasema kile hasa nilichokiona kwa jicho langu jikoni.

Tena si fangasi wa ukungu ukutani. Ni wa jamii ya hamira.

Niliposikia neno hilo nilikaa chini. Hamira iko kwenye kabati langu, kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila alfajiri ya Ramadhani, kila Jumamosi, naitia kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, naifunika, inafura. Najua inachopenda: joto, sukari, utulivu. Ndugu yake huyu wa mbali naye ana anachopenda, na Dokta alinisomea: maabara walipofanikiwa kumwotesha, alitaka nyuzijoto 42, ambayo ndiyo homa ya kudumu ya mwili wa ndege, sukari, hewa haba, na uchachu. Uchachu! Wiki nzima nilikuwa nikiwatilia ndege siki ya tufaha kwenye maji, kwa sababu kila mfugaji wa mtandaoni anaisifia siki. Nilikuwa namtengenezea mgeni kachumbari. Pengine haikumsaidia kijidudu wala haikumdhuru, tumbo la ndege lenyewe tayari ni chachu kuliko siki yangu. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu anaiita siki dawa ya kila kitu namwacha aendelee, nami nanyamaza kwa adabu.

Kwenye dawa ndipo nilipojifunza kwamba hata neno fangasi halitoshi. Nilikimbilia famasi nikanunua nistatini, yale matone ya njano tuliyokuwa tukiwapaka watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni. Ni dawa nzuri, na historia yake inanipendeza: wanawake wawili wa jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mmoja akiwa mji mmoja na mwenzake mji mwingine, wakitumiana udongo na vichupa kwa posta, waliipata mwaka 1950 kwenye udongo wa shamba la ng'ombe la marafiki wa Hazen huko Virginia. Wakaiita kwa jina la jimbo lao, na mapato yao, zaidi ya dola milioni 13, wakayaelekeza kwenye utafiti. Kwa kandida, ile hamira nyingine inayowapata makinda wanaolishwa uji kwa mkono, gole linavimba na kunuka kama unga uliochacha, nistatini inafanya kazi. Kwa fimbo hizi za firigisi haitegemewi. Dokta aliniambia nisipoteze wiki.

Inayotegemewa zaidi inaitwa amfoterisini B. Hiyo nayo imetoka kwenye udongo, wa kando ya mto Orinoko huko Venezuela, miaka ya 1950. Nilipoitaja kwenye simu, wifi yangu ambaye ni muuguzi alishtuka. "Ile ya wodini? Unampa ndege?" Kwake yeye ni dripu ya wagonjwa wenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi, dawa inayookoa watu huku ikiwatesa figo na kuwatetemesha kwa baridi. Na fangasi anayeleta homa hiyo, nikamkumbusha, ni wa jamii ya hamira naye, na hupatikana sana kwenye mavi ya njiwa. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Lakini kwa ndege haiingii kwenye mshipa. Inamezwa, na ikimezwa haipiti kwenda kwenye damu kwa kiasi cha maana, inabaki tumboni na kugusana na kijidudu ana kwa ana. Ubaya wake mmoja, kwamba utumbo hauinyonyi, hapa ndio uzuri wake.

Kuipata ya kunywesha hapa mjini nilishindwa. Dokta aliandika barua, mtoto wa mjomba aliye Muscat akaipeleka kwa daktari wa ndege kule, na baada ya wiki mbili mgeni akaja na kichupa kwenye mkoba wake. Katika wiki hizo mbili nilimpoteza mwingine, jike wa buluu tuliyemwita Bi Harusi.

Kulikuwa na njia ya mkato, na ilinivuta. Sodiamu benzoeti, ile chumvi ya kuzuia vyakula visiharibike, iko kwenye soda na sosi ya nyanya, na wauzaji wa malighafi za sabuni na juisi wanaipima kwa kilo. Imejaribiwa kwenye maji ya baji na imeonyesha kufaa. Rahisi, haina kushika ndege, haina mgeni wa Muscat. Dokta alikataa. Akaniuliza, ndege wako wanakunywa kiasi gani mwezi Januari? Nikasema wanakunywa sana. Basi, akasema, kipimo cha dawa iliyo kwenye maji anakipanga mnywaji, na ndege anayekunywa sana, hasa jike mwenye vifaranga, anaweza kuzidisha mpaka mishipa ya fahamu ikamchezea, akaanza kutetemeka na kuanguka. Dar si mahali pa kubahatisha na bakuli la maji. Ndiyo sababu pia siandiki vipimo hapa. Atakayevitaka amtafute daktari mwenye mizani.

Kwa hiyo tukawanywesha kwa mkono, mmoja mmoja, mara mbili kwa siku, siku thelathini. Baada ya alfajiri na baada ya magharibi, mwezi mzima kama funga. Dokta alinifundisha: ndege analala kiganjani, shingo baina ya vidole viwili bila kubana kifua, maana ndege hupumua kwa kifua chote na ukimkaza kidari anakata roho mkononi mwako huku unadhani ametulia. Mrija mwembamba wa chuma wenye kitufe nchani unaingia pembeni mwa mdomo, unateremka upande wa kulia wa shingo mpaka kwenye gole. Ukiingia kwenye koo la hewa umemuua. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka Dokta akaushika na wa kwake. Siku ya kumi nilikuwa nafanya huku nikiongea na mwanangu kuhusu ada ya shule. Siku ya kumi na mbili mmoja alikufa, kijana wa kijivu aliyekuwa amekonda toka mwanzo. Sijui hadi leo kama ni ugonjwa au ni mkono wangu, na Dokta alikuwa muungwana wa kutoniambia.

Binti yangu ana mtoto mchanga, akauliza lile ambalo kila mtu anauliza: je, sisi utatupata? Ugonjwa huu ni wa ndege, haujulikani kumpata binadamu. Kunawa mikono tunanawa kwa ajili ya mengine, ikiwemo ile homa ya kasuku ambayo kweli inamhamia mtu na kumshika mapafu. Mchanga wa chini ya tundu nimeuacha, natandika gazeti kila asubuhi, na jioni nalisoma mara ya pili, kurasa zilezile, kwa habari nyingine kabisa. Nimeshafikia kujua nani kalala juu ya habari za michezo.

Wamebaki watano. Vipimo vitatu mfululizo baada ya dawa vilikuwa safi, cha nne kikaonyesha vijiti viwili vitatu, na Dokta hakushangaa. Kuna ndege wanaopunguza mzigo bila kuutua. Huyo wa vijiti ni Mchicha, dume wa kijani, mkubwa wao kwa umri, aliyekuwepo kabla ya wote. Mara nyingine nawaza kwamba pengine Nazi hakuleta kitu, pengine Mchicha alikuwa nacho miaka yote na mimi namsingizia marehemu. Yule kijana wa ndege nimemwambia siku hizi sichukui ndege wake mpaka anipe kwanza karatasi ya chini ya tenga. Alicheka mpaka akashika nguzo. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya gazeti lenye mavi, akauliza, "Bi mkubwa, haya vipi?" Yalikuwa mazuri, ya kijani na meupe, yamejikunja vizuri. Nikanunua wawili. Wako chumba cha nyuma, peke yao, mpaka nitakaporidhika.

Shemeji amenipa mizani yake ya zamani. Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijawasha jiko la maandazi, naiweka mezani, natoa daftari. Mchicha amejifunza kupanda mwenyewe akiona kishada cha uwele. Juzi alipanda, akatulia, akaanza kuzidonoa namba kwenye kioo. Gramu 31.4. Nikaandika. Kisha akainua mkia akajisaidia palepale kwenye sahani, akajikung'uta, akanitazama. Namba haikubadilika, maana mzigo wote ulikuwa bado mizanini. Nikamrudisha tunduni, nikachukua njiti ya kiberiti, nikakikwangua, nikakitia kwenye kichupa cha Dokta na kukiandika tarehe. Kwenye bakuli nyuma yangu hamira ilikuwa imeshafura.